UZI: Ukimbana fundi bei, anayefukuzwa ni mwanafunzi wake

MtuWaKibuye

Wadau, uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auweke kando aurudie akiwa na nafasi.

Niko Kisumu, na shughuli zangu ziko karibu na soko la Kibuye, pale mafundi walipojipanga: wa makochi na vitanda, wa mageti, wa masanduku ya bati, wa majiko, wa kuziba sufuria zilizotoboka. Mazungumzo ninayoyasikia pale ni yale yale kila siku. Mteja anauliza bei ya geti, fundi anamtajia, mteja anashika kichwa, wanaanza kuvutana. Kuvutana bei hakuna ubaya, sote tunavutana sokoni. Ninachotaka tukiangalie ni ile pesa inayopunguzwa. Inatoka kwa nani?

Chukua mfano wa geti la shilingi 45,000. Vyuma vya mraba, bati nzito, bawaba, komeo, vijiti vya kuchomelea, diski za grinda, rangi na umeme, tuseme vinakula 33,000. Hapo hakuna cha kupunguza, maana mwenye hadiwea hajali kama una karo ya shule mwezi huu. Inabaki 12,000 ya ufundi. Mteja akishikilia 39,000 mpaka apewe, machoni pake amepunguziwa kidogo tu. Kwa kweli amechukua nusu ya malipo ya mikono ya yule mtu.

Na nusu iliyobaki ina wenyewe. Kuna kodi ya kibanda, kuna ushuru wa kaunti, kuna unga nyumbani. Anayekosa ni yule kijana aliyekuwa ameshikilia chuma upande wa pili. Leo anaambiwa "vumilia, kazi ijayo nitakukumbuka." Kesho hivyo hivyo. Baada ya muda hamwoni tena, mnamkuta steji ya boda pale Kondele. Simlaumu hata kidogo. Boda inamlipa jioni ile ile.

Sasa niseme kinachoondoka kijana huyu akiondoka.

Pale Kibuye kuna mzee mmoja anayefua patasi, visu na mashoka kutoka kwa springi za magari makuukuu. Nimesimama sana kwenye kibanda chake. Chuma akishakifua kikapata umbo, anakipiga tupa, halafu anakirudisha motoni mpaka kiwe chekundu. Anachovya ncha peke yake ndani ya maji, anaitoa upesi, anaisugua kwenye jiwe mpaka ing'ae. Halafu anangoja. Joto lililobaki kwenye shingo ya patasi linatambaa kuelekea nchani, na rangi zinaanza kupita juu ya chuma: manjano hafifu ya majani makavu, kahawia, zambarau, mwisho buluu. Patasi ya seremala anaizima maji ikiwa manjano inayoelekea kahawia. Chuma kinachotakiwa kipinde bila kuvunjika anakingoja mpaka kifike buluu. Akiwahi mno, makali yanamomonyoka yakigonga fundo la mti. Akichelewa, yanakunjika. Na muda wenyewe ni wa kuvuta pumzi mara chache tu.

Ukimwangalia utaona daima amegeuzia jua mgongo na kazi iko kivulini. Juani rangi hizo hazionekani sawasawa. Nani atakwambia jambo hilo kama hukusimama naye? Kitabu kinaweza kukutajia rangi, tena kikakupa na nyuzi za joto, lakini jicho la kuitambua rangi linafunzwa na mtu aliye kando yako anayesema "sasa!" na wewe ukaona alichokiona.

Mzee huyo kwa sasa hana mwanafunzi.

Ufundi wa huku kwetu haukuanza jana. Vilima vya Samia vilikuwa na wafuaji chuma waliosifika kabla ya Mzungu kufika, na majembe yao yaliuzwa mpaka mbali na hata kulipiwa mahari. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, ilikuja na mafundi wa Kihindi: waashi, maseremala, wahunzi. Meli kama Winifred na Sybil zililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, zikaunganishwa hapa hapa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wazee wetu walianza kwa kubeba vyuma na kushika taa, wakawa wanatazama. Waliotazama vizuri wakawa mafundi, nao wakafundisha wengine chini ya miti na kwenye vibanda. Na juzi juzi meli ya MV Uhuru II imeundwa Kisumu, wachomeleaji wetu wakiwemo. Hakuna siku katika miaka hiyo yote ambayo ufundi ulipita hewani. Ulitoka kwa mtu ukaingia kwa mtu aliyesimama kando yake, na mtu huyo ilibidi awe amekula siku hiyo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Malipo ya ufundi yana sehemu mbili. Moja ni ya kazi uliyoagiza. Nyingine ndiyo karo ya chuo ambacho serikali haikijengi, na ndicho chuo kilichomtoa karibu kila fundi aliyekujengea, aliyekushonea au aliyekutengenezea gari. Tukikataa kuilipa sehemu hiyo, geti letu tutalipata, lakini watoto wetu watakosa wa kuwatengenezea lao.

Mnasemaje?

Nyar_Oyugis

Jaduong', umesema vizuri, ila mifano yako yote ni ya chuma na wanaume. Niongeze ya akina mama.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi upande wa Oyugis. Kwetu wafinyanzi wengi walijifunza wakiwa wameshaolewa. Ukiingia boma la wafinyanzi kama mke, mama mkwe ndiye mwalimu wako. Humlipi karo. Unachota udongo, unabeba, unaponda vigae vya vyungu vilivyovunjika ili uvichanganye na udongo mpya usipasuke motoni, na kwa kufanya hayo mikono inazoea. Chungu cha bibi hakikuwahi kupanda gurudumu la kufinyangia. Ni mikunjo ya udongo iliyopandana, ikisuguliwa kwa kigae cha kibuyu, halafu kamba iliyosokotwa inabiringishwa shingoni kuacha mapambo.

Watu wanadhani kazi ngumu ni kufinyanga. Ngumu ni kukausha. Chungu kikikaa kwenye upepo kinakauka upande mmoja na ufa unaingia bila kuonekana. Ufa ule unauona siku ya kuchoma, wakati kazi ya wiki nzima iko chini ya nyasi na kuni. Bibi alikuwa anagonga kila chungu kwa kidole kabla ya kukichoma na kusikiliza. Kile chenye sauti ya kufa anakitenga, kinarudi kuwa udongo.

Akina mama hao hao ndio walioingia kwenye majiko ya Upesi, yale ya kuni yanayojengewa jikoni. Lile ganda la ndani la udongo ni kazi ya mfinyanzi. Kipimo chake lazima kiwe sawa, mlango wake sawa, viegemeo vya sufuria sawa, vinginevyo kuni zinaliwa bure na moshi unajaa nyumba. Wahisani na wataalamu walisifiwa sana kwa majiko yale, na walistahili. Lakini maarifa ya udongo upi unastahimili moto yalikuwa tayari kwa akina mama, wala hakuna aliyewaita mafundi. Waliitwa "vikundi vya akina mama."

Kwa hiyo kwenye hesabu yako ongeza hili: kuna ufundi ambao malipo yake hata hayaanzi kubishaniwa, kwa sababu mteja anaona ni kazi ya nyumbani.

Mwenye_Ploti_Mamboleo

Mimi nitakuwa upande wa mteja, maana humu kila mtu anamwonea fundi huruma.

Ninajenga. Fundi wa kwanza alichukua pesa ya awali akazima simu. Wa pili alinipandishia ukuta, na nilipokuja kupima chumba cha kulala, upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine na vigae vya sakafuni vikakatwa kama pembe ya ng'ombe. Wa tatu, simenti ilikuwa inaisha kwa kasi nisiyoielewa mpaka jirani akanionyesha ilikokuwa inakwenda. Baada ya hapo unaniambia nilipe zaidi ili amfundishe mtu mwingine? Amfundishe nini?

Mteja habani bei kwa uchoyo. Anabana kwa sababu anajua kuna pesa itakayopotea njiani, kwa hiyo anaanza kujikinga mapema.

MtuWaKibuye

Pole sana ndugu yangu, na malalamiko yako ni ya haki. Sitakwambia mafundi wote ni malaika.

Lakini tazama ni nani anayezima simu. Mtu mwenye kibanda, mwenye wanafunzi, mwenye wazee wa soko wanaomjua kwa jina, hawezi kuzima simu. Utamfuata pale pale. Anayezima simu ni yule aliyejifunza nusu, akatoka kabla ya kuiva, akanunua mwiko na begi na kujiita fundi. Huyo ni zao la uanagenzi uliokatika. Ukuta wako uliopinda ni ushahidi upande wangu.

Kwa faida yako na wengine wanaojenga, kona unaweza kuipima mwenyewe kabla tofali la kwanza halijalazwa. Kwenye kamba za msingi, pima futi 3 upande mmoja kutoka kwenye kona, weka alama. Pima futi 4 upande wa pili, weka alama. Kutoka alama hadi alama lazima iwe futi 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona haiko mraba. Kwa nyumba kubwa tumia 6, 8 na 10, ndiyo sahihi zaidi kwa sababu kosa dogo linaonekana. Halafu pima mshazari wa chumba kizima, kona kwa kona, pande zote mbili. Mishazari ikilingana na kuta zinazotazamana zikilingana, chumba kiko mraba. Usawa wa msingi unapimwa kwa mpira mwembamba unaoonyesha, uliojaa maji bila povu. Maji yatakaa kimo kimoja ncha zote mbili hata kama nyumba ina pembe ishirini.

Fundi aliyefunzwa vizuri hatakasirika ukipima. Atakushikia upande wa pili wa futi. Anayefoka "unanifundisha kazi?" mlipe siku yake aende zake.

Na vifaa nunua mwenyewe, pesa ya ufundi ilipe kwa hatua: msingi, linta, paa. Hayo yote ni ya kujikinga na mwizi. Hakuna hata moja linalokulazimu kumbana bei mtu mwaminifu.

Mwalimu_wa_Karakana

Nafundisha useremala katika chuo cha ufundi upande wa Kakamega. Naomba nizungumzie serikali, kwa sababu mwanzilishi wa uzi amepita haraka aliposema "chuo ambacho serikali haikijengi." Vyuo vipo. Tatizo ni jinsi nchi hii ilivyomfundisha mzazi kuviangalia.

Huku Magharibi elimu ya mikono ni ya zamani kama elimu ya kitabu. Wamisionari wa Quaker walipofika Kaimosi mwaka 1902 walijiita misheni ya viwanda, na kinu cha kupasua mbao kilikuwa sehemu ya kazi yao pamoja na Biblia. Halafu katikati ya safari tukatenganisha. Kalamu ikawa ya ofisini, nyundo ikawa ya aliyeanguka mtihani.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema wazi kwamba watu hawa wa vibandani wanazalisha na kuajiri, waache kusumbuliwa. Ilichukua miaka mingi hadi serikali ikaanza kuwajengea vibanda na, mwaka 1992, kuandika waraka wa sera kwa ajili yao. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliingiza useremala, ufundi wa chuma, sayansi kimu na sanaa hadi shule za msingi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini shule nyingi hazikuwa na randa wala meza ya kufanyia kazi, mzazi akabebeshwa gharama, mwalimu akafundisha ubaoni jinsi ya kushika msumeno. Mapitio ya mtaala ya mwaka 2002 yakaondoa mengi ya masomo hayo. Sasa mtaala mpya umeyarudisha kwa jina jingine katika sekondari ya chini. Ombi langu kwa wazazi waliomo humu: nendeni shuleni muulize kama kuna vifaa. Msiulize alama tu.

Kuna jambo mafundi wengi wa vibandani hawalijui, nami ningependa lisambae. Fundi aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Unaanza Gredi ya Tatu, unapanda ya Pili, mpaka ya Kwanza. Unapewa kazi uifanye kwa mikono, mtahini anaangalia. Pia kuna utaratibu wa kitaifa wa kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao, bila kumrudisha darasani kuanza upya. Nimeona mtu mwenye nywele nyeupe akikabidhiwa cheti cha kazi aliyoifanya tangu ujana. Baada ya hapo akaweza kuomba kazi ya kaunti iliyokuwa ikipewa watu wasiomfikia hata kidogo.

Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi. Ila bila cheti, zabuni ya madawati ya shule iliyo karibu na kibanda chake inachukuliwa na mtu wa mbali mwenye karatasi, ambaye anakuja kumpa yeye yule kazi hiyo kwa nusu ya bei. Hapo ndipo pesa kubwa inapotelea, kuliko kwa mama anayebishana bei ya kitanda.

Chuma_na_Moto

Mimi ndiye yule kijana wa upande wa pili wa chuma. Sasa nina mashine yangu, lakini acheni niseme ukweli kwa heshima ya wazee.

Si kila fundi anafundisha. Kuna wanaokuweka miezi na miezi ukifagia, ukibeba gesi, ukinunua chai, na siku ya kazi ya maana wanakutuma mjini. Wanaogopa ukijua utafungua kibanda mkabala. Wengine wanamlipisha mzazi pesa ya kufundishwa, halafu wanakutumia kama kibarua wa bure. Kwa hiyo mteja akiongeza pesa, nani atahakikisha inamfikia mwanafunzi?

Halafu macho. Nilianza kuchomelea na miwani ya jua ya kununua barabarani. Usiku macho yanawaka kama yamejaa mchanga, machozi hayakatiki, hulali. Asubuhi unarudi kwa sababu ukikosa kuna mwingine mlangoni. Kioo halali cha kuchomelea ni namba 10 kwenda juu, na bei yake si ya kutisha. Lakini kwenye hesabu ya geti hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama bei ile ina kioo cha kijana wangu. Siku hizi anayefanya kazi kwangu hashiki kijiti bila kioo. Hiyo ni sheria, na mteja mwenye haraka angoje.

Mzee aliyenifunza kweli alikuwa na tabia moja. Akimaliza kuunga, ananiambia nigonge makaa yaliyoganda juu ya kiungo kwa nyundo, nitazame mstari, nimwambie kasoro iko wapi. Kwenye kazi yake mwenyewe! Nikikosa kuiona ananionyesha: hapa mkono ulikimbia, hapa moto ulikuwa mkali ukala chuma, hapa kumebaki tundu ambalo maji yataingia na kutu itaanzia. Mwalimu asiyeficha kasoro zake ndiye aliyenifanya fundi.

Mkazi_wa_Dunga

Nimewasoma wote. Niongeze ya ziwani kidogo, maana kuna tofauti ambayo imenifikirisha.

Huku Dunga mwenye mashua habishani sana na muundaji. Anaweza kulia kuhusu bei ya mbao, hasa sasa mvule umekuwa adimu na wengi wanatumia mbao nyepesi zisizodumu. Lakini kwenye kuziba hakuna anayesema "fanya haraka haraka tu." Fundi anasokota pamba, anaisukuma kwenye kiungo cha ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti, kidogo kidogo, kuanzia mkukuni, yaani uti wa chini wa mashua, kupanda juu. Ikiwa legelege maji yanapita. Akiikaza kupita kiasi inapanua mbao zenyewe. Juu yake anapigilia ukanda wa bati, halafu rangi. Mwenye mashua anakaa pale anatazama, mara nyingi na mtoto wake, kwa sababu anajua usiku atakuwa katikati ya ghuba na upepo umegeuka.

Mteja wa nchi kavu anajua pia kwamba kazi mbaya ina hatari, ila kwake hatari iko mbali. Kitanda kikivunjika utacheka. Paa likivuja utaweka beseni. Sisi huku ubaya wa kazi unalipwa usiku ule ule na roho ya mtu. Ndiyo maana waundaji hapa bado wana vijana kando yao: wateja wenyewe wanataka fundi asaidiwe na mtu anayeaminika.

Gereji_ya_Nakuru

Kutoka Nakuru, fupi tu. Mimi ni makanika. Magari ya sasa yana kompyuta na vijana wengi wanakuja na kifaa cha kusoma hitilafu wakidhani kazi imekwisha. Kifaa kinakwambia silinda ya tatu haichomi sawasawa. Hakikwambii kama ni plagi, ni koili, ni panya aliyekula waya, au ni mtu aliyeifungua wiki iliyopita akasahau kukaza. Chanzo chenyewe unakijua kwa kusikiliza, kugusa na kumuuliza mwenye gari maswali ya maana. Kwangu mwanafunzi anapata mgao wa kila gari aliloshika, kiasi kidogo, kila Jumamosi, mbele ya wengine wote. Hawaondoki. Mmoja tu aliondoka, akaenda kufungua gereji yake Molo, na bado ananipigia simu akikwama.

Mwenye_Ploti_Mamboleo

Nimewasikia, hasa Mwalimu na huyu kijana wa chuma. Sikujua habari ya namba ya kioo.

Sasa nina swali la kweli. Geti langu bado halijatengenezwa. Nikikubali hoja hii, nafanya nini kwa vitendo? Nikimpa fundi pesa zaidi ataiweka mfukoni, kama kijana alivyosema.

MtuWaKibuye

Ifanye ionekane kwenye karatasi. Mwambie fundi aandike makadirio kwa mistari: vyuma, vijiti na diski, rangi, usafiri, ufundi, na mstari wa mwanafunzi ukiwa peke yake. Ukitaka kubishana, bishana kwenye mistari mingine. Ule usiuguse. Fundi akishaandika kiasi hicho mbele ya kijana, itamwia vigumu kukificha baadaye. Na wewe ukifika kuangalia kazi, muulize kijana akueleze kiungo kimoja kilivyofanywa. Ukiona anajibu, ujue anafundishwa. Ukiona anamtazama fundi kwa hofu, umejua uko kwa nani.

Nyar Oyugis, yako nimeipokea. Hata kwa mfinyanzi inafaa hivyo hivyo: unayenunua majiko mengi ya mradi au vyungu vya hoteli, uliza ni nani anajifunza pale, na umlipie.

Chuma_na_Moto

Mimi ningesema pesa ya kijana apewe mkononi, siku ya kufunga geti.

Gereji_ya_Nakuru

Hapana omera, kijana kupewa mkononi na mteja kunavunja heshima kibandani. Kesho kijana anaanza kumtazama mteja badala ya kumtazama mwalimu wake. Ipite kwa fundi, ila mbele ya wote.

Chuma_na_Moto

Inategemea fundi. Wangu angetoa. Wengine ninaowajua, hapana.

Mwenye_Ploti_Mamboleo

Basi nitaiweka kwenye makadirio, na siku ya kufunga geti nitalipa nikiwa nimesimama na wote wawili. Kazi inaanza Jumatatu. Nimeongeza 1,500 kwa ajili ya kijana, na kioo namba 11 nitapitia hadiwea nikinunue mwenyewe. Mwalimu, naomba pia unieleze hapa hapa utaratibu wa kujiandikisha kwa mtihani wa Gredi ya Tatu, maana mwashi ninayemtumia sasa ni hodari na hana karatasi yoyote.

Mwalimu_wa_Karakana

Mwambie aende ofisi ya NITA ya hapo Kisumu na kitambulisho chake. Wampe fomu na tarehe za mtihani ujao wa waashi, aulize pia ada na orodha ya vifaa anavyotakiwa kuja navyo. Asikae akingoja kujiandaa kwa vitabu. Afanye mazoezi ya kusoma ramani ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo waashi hodari wa vibandani wanapoangukia, wakati kwenye ukuta wenyewe wanawashinda wanafunzi wangu. Akitaka, aje kwetu Kakamega Jumamosi yoyote nimpitishe kwenye ramani mbili tatu bila malipo. Aje na kijana wake pia.